Rudini Mlipokubaliana

Nimeambiwa kwamba siku hizi mmefungiwa ubao wa taa pale uwanjani, na kwamba mchezaji akishinda pointi anabonyeza kitufe ukutani, hesabu inajiandika yenyewe. Juzi nilienda kuuona. Nilisimama nje ya uzio kama nusu saa, na katika hiyo nusu saa niliwasikia watu wakibishana mara mbili kuhusu nani alisahau kubonyeza. Nikacheka peke yangu. Halafu nikaona kwamba nyinyi wawili mnaokaa sasa kwenye kiti changu mlikuwa mnatazama ubao badala ya kutazama mpira, na kicheko kikaniisha.

Mliniomba niwaeleze kazi hii ya kuamua hesabu ya padel inafanywaje. Ukweli ni kwamba sijui vizuri. Niliifanya karibu miaka minne, na siku niliyoiacha nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko siku niliyoianza. Lakini nitawaambia niliyoyaona, nanyi mchague wenyewe.

Jina langu ni Barasa, ingawa pale mnanijua kama Marka. Kwenye klabu za tenisi za Nairobi, marka ni yule mfanyakazi anayecheza na mwanachama aliyekosa mwenzake, anayemfundisha mgeni kushika raketi, na anayehesabu pointi wakati wakubwa hawataki kuhesabu wenyewe. Kazi hiyo niliifanya miaka thelathini na moja. Nilipostaafu nilitaka kurudi Webuye nikapande miti, lakini mke wangu Rispa alikuwa bado anafundisha chekechea hapa Kitengela, na nyumba tuliyopanga ilikuwa karibu na shule yake. Nikabaki naye, nikawa mzee wa kukaa kibarazani na kutazama lori za mchanga zikipita.

Ndipo Hajji Noor akaniita. Nyinyi mnamjua kama mwenye uwanja, lakini mjue kwamba kwanza ni mtu wa mbuzi, kutoka Garissa. Ile nusu ya kiwanja chake iliyo upande wa barabara ndiyo zizi, na nusu ya pili wanawe walimshawishi ajenge kitu cha vioo na nyaya. Alisikia kuna mzee wa tenisi mtaani akadhani padel na tenisi ni ndugu. Hata mimi nilidhani hivyo.

Mara ya kwanza kuuona ule uwanja nilidhani ni banda la kuku wa gharama. Vioo nyuma, nyaya pembeni, wavu katikati, watu wanne ndani. Nikakaa kwenye kiti, mpira ukadunda chini ukagonga kioo, nikapaza sauti kwamba umekufa. Kwenye tenisi mpira ukifika ukutani umeshakufa zamani. Kwa padel, ukidunda kwanza chini halafu ukagonga kioo, bado uko hai na mtu anaweza kuurudisha. Hakuna aliyeniambia. Asubuhi nzima ya Jumamosi niliwanyima watu pointi zao kwa sauti kubwa, nao wakanikubalia, kwa sababu mimi nilikuwa mzee mwenye miaka thelathini na moja ya kazi na wao walikuwa wamejifunza mchezo kwenye simu wiki iliyopita. Mgeni mmoja kutoka Karen ndiye aliyekuja saa sita akauliza kwa upole kama hapa Kitengela tunatumia sheria zetu.

Hiyo hadithi nimeisimulia mara nyingi ili watu wacheke. Sasa hivi si ya kuchekesha sana, mtaona kwa nini.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba watu waliokuwa wakibishana hawakuwa waongo. Kwenye klabu nilizoea waongo, na mwongo ni rahisi, macho yake yanakuonyesha. Hapa nilikuta watu wanne, wote wakweli, wawili wa msikitini na wawili wa kanisani, kila mmoja tayari kuapa, na kila mmoja na hesabu yake. Mmoja anasema arobaini kwa thelathini, mwenzake wa upande huo huo anasema thelathini sawa. Mimi niko pale juu nikitazama, na saa nyingine mimi pia niko na ya kwangu. Nilikuwa narudi nyumbani kichwa kinauma. Rispa aliniuliza watu wazima wanasahauje kitu kilichotokea dakika mbili zilizopita.

Mwanzoni nilikuwa narusha sarafu. Msifanye hivyo. Mtu aliyeshindwa na sarafu anacheza saa nzima akiitukana kimoyomoyo.

Hajji ndiye aliyenitoa hapo. Siku moja alinikuta nimesimama katikati ya watu wanne wanaopigiana kelele, akanivuta kando mpaka kwenye zizi lake. Walikuwa wanapokea mbuzi. Mtu wa muuzaji alisimama upande mmoja wa mwanya wa uzio, mtu wa Hajji upande wa pili, mbuzi wakawa wanapita mmoja mmoja katikati yao, na kila wakifika ishirini wote wawili waliangusha kijiwe. Safari ile mmoja akawa na vijiwe vinne na mbuzi saba, mwingine vinne na mbuzi tisa. Hakuna aliyemfokea mwenzake. Wale waliopita baada ya kijiwe cha nne walirudishwa, wakapitishwa upya.

Hajji akaniambia, "Unaona, Marka? Mbuzi wakileta shida ya hesabu hakuna haja ya kelele. Unawarudisha mpaka pale mlisikizana."

Tangu siku hiyo hilo ndilo likawa neno langu. Wakianza kubishana nawauliza, mara ya mwisho nyote wanne kukubaliana ilikuwa ngapi? Mara nyingi ni kumi na tano kwa sifuri, au ni mwanzo wa gemu. Basi, rudini mlipokubaliana, mtoke hapo tena. Wanalalamika kidogo kisha wanacheza. Nilikuja kuambiwa kwamba hata wenye kitabu cha sheria wanafanya karibu hivyo hivyo, na Hajji alipolisikia hilo hakushangaa hata kidogo.

Kitu cha pili nilifundishwa na Naserian. Huyu mnamjua, ni yule wa maabara kwenye zahanati iliyo nyuma ya soko. Kwao ni Kimuka, na baba yake alikuwa akimletea Hajji mbuzi. Siku moja mzee huyo alipeleka macho juu ya kundi lake mara moja tu akasema kuna mmoja hayuko, yule wa madoa mwenye sikio lililochanika. Nikamuuliza Naserian, aliyekuwa amekuja kumsalimia babake, mzee amehesabu saa ngapi.

"Papa hahesabu," akaniambia. "Kwetu kuhesabu mifugo si vizuri. Yeye anawajua tu mmoja mmoja, mwenye hayuko anaonekana."

Maneno hayo yalinikaa kichwani wiki nzima. Halafu nikayajaribu uwanjani. Watu walipokorofishana sikuwauliza hesabu. Niliwaambia wanitajie mipira. Ya kwanza ilikwendaje? Ile uliyopiga kwa wavu. Halafu? Ile iliyogonga nyaya. Halafu ile ya vumbi, mwenzangu akafunga macho. Wakishataja mipira yote, hesabu inajitokeza yenyewe, na aliyekosea anaiona kabla hujamwambia. Mtu husahau namba haraka sana, lakini mpira uliomuuma hausahau. Kwa hiyo waulizeni mipira. Hilo nawaachia kama kitu pekee ninachokiamini bila kusitasita.

Siku ile aliyokuja kumsalimia babake, Naserian alisimama kwenye uzio akatazama wanawake wakicheza, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameomba raketi. Hivyo ndivyo alivyoanza. Kila tulipokutana aliinamisha kichwa nikakigusa kwa kiganja, kama anavyofanyia wazee wa kwao Umaasaini, na mimi Mbukusu nikajifunza salamu yao, kumwambia "Takwenya" nikingoja aniitikie "Iko."

Vitu vingine vidogo nitawapa bila mpangilio. Tazameni miguu ya anayeanzisha mpira, mkikumbuka kwamba kumi na tano ni pointi moja, thelathini mbili, arobaini tatu. Akiwa upande wa kulia, pointi zote zikijumlishwa ni shufwa, akiwa kushoto ni witiri. Ukiambiwa thelathini kwa kumi na tano na mtu amesimama kulia, kuna aliyepotea. Waulizeni pia, kabla hata hawajavua sweta, wakifika arobaini sawa watafanyaje, kwa sababu kuna wanaocheza pointi moja ya dhahabu ikaisha hapo na kuna wanaotaka kushinda mbili mfululizo. Niliwahi kuwaacha watu wacheze bila kuuliza, na walipofika hapo upande mmoja ulishangilia ushindi huku upande wa pili ukijipanga kuendelea. Na ikija ile michezo ya Jumamosi ya kubadilishana wenza, ambapo watu wanahesabu mpaka ishirini na nne na hakuna anayejua tena yuko na nani, chukueni karatasi. Mimi sikuchukua karatasi. Niliwahi kumtangaza mshindi mtu ambaye alikuwa ameenda nyumbani.

Basi nikawa na jina. Watu wakasema Marka akishasema imekwisha. Nilipenda hilo, siwafichi. Nilipenda mpaka nikaanza kulilinda. Akinyi, yule wa benki, aliwahi kuniambia katikati ya mchezo kwamba nimeruka pointi. Pengine alikuwa sawa, sijui. Nilimwambia kama anajua kuhesabu kuliko mimi aje akae kwenye kiti, nikamfanya asimame nje gemu nzima, mbele ya watu, mama wa watoto wawili. Hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo hakuna aliyenisahihisha, na mimi nikadhani ni kwa sababu sikosei.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Nilikuwa naweka sukari mara mbili kwenye chai. Niliwahi kufika dukani nikasimama, nikasahau nimetumwa nini, nikanunua kiberiti kwa sababu kiberiti hakikosi kazi. Rispa alinitazama. Nilimwambia ni mambo ya umri, kazini niko sawa.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, ikaja fainali ya wanawake. Kila uwanja ulikuwa unatuma jozi moja kwa mashindano ya Nakuru, na jozi yetu ingekuwa ile itakayoshinda. Upande mmoja Akinyi na Mueni, jirani yake. Upande wa pili Naserian na Fatuma, binti wa Hajji. Fatuma alikuwa amepata kazi ya famasia hospitalini Garissa, na alikuwa ameomba wamngojee mpaka baada ya Nakuru kama atashinda. Akishindwa, angeondoka mara moja. Wale wawili walikuwa wamecheza pamoja miaka miwili, asubuhi kabla ya kazi, na kila mtu alijua kwamba hii ndiyo nafasi yao ya mwisho. Naserian hajawahi kuniomba kitu, lakini siku ile, baada ya kumgusa kichwa, alisema, "Mzee, leo uangalie vizuri." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Kila upande ulichukua seti moja. Seti ya tatu, Naserian na Fatuma wakawa mbele gemu tano kwa nne. Fatuma ndiye anayeanzisha. Wakishinda gemu hiyo, wamemaliza. Nikatangaza thelathini kwa kumi na tano, na hapo wote tulikuwa pamoja.

Pointi iliyofuata ilikuwa ndefu, sijaona nyingine kama hiyo pale. Mpira uligonga kioo cha nyuma mara tatu. Upepo ulikuwa unaleta vumbi, na mbuzi wa Hajji walikuwa wameanza kulia kwa kiu. Naserian akaumaliza kwa kuupiga chini upande wa kina Akinyi, ukadunda ukaruka juu ya uzio ukaangukia zizini, pointi yake. Watu wakapiga makofi. Mimi nikafungua mdomo kutangaza, na namba niliyoiokota kichwani ilikuwa thelathini sawa.

Fatuma aligeuka akanitazama. Naserian akanitazama. Akinyi akatazama chini akakaza kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimelegea. Nilidhani wamechoka. Fatuma akaenda kulia akaanzisha, na miguu yake haikunionya, kwa sababu arobaini kwa kumi na tano ni kulia na thelathini sawa pia ni kulia. Ule ujanja wangu wote wa miguu, na mahali pekee nilipouhitaji haukuwa na la kuniambia.

Pointi iliyofuata walishinda Akinyi na Mueni. Iliyofuata walishinda Naserian na Fatuma. Nikatangaza arobaini sawa, pointi ya dhahabu. Mueni akaishinda. Tano kwa tano. Baada ya hapo wale wasichana hawakuwa wao tena, mipira rahisi ikawashinda, na seti ikaisha saba kwa tano. Nikawapa Akinyi na Mueni mkono. Naserian akaja akainamisha kichwa kama kawaida, nikakigusa, nikamwambia ajikaze, mwaka ujao upo.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Rispa alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo kabla ya kwenda kanisani, akaniuliza fainali ilikuwaje. Nikamsimulia ile gemu kwa mtindo wangu, mpira kwa mpira. Ule wa kwanza Mueni aliuzamisha kwenye wavu. Wa pili Fatuma alipiga nyaya. Wa tatu Naserian aliuweka kwenye kona. Wa nne ni ule mrefu, Naserian akaurusha mpaka kwa mbuzi. Rispa anaposikiliza mikono yake haitulii, na alikuwa anasogeza punje, nyekundu za kina Naserian upande huu, nyeupe za wenzao upande ule.

"Basi hapo ilikuwa arobaini kwa kumi na tano," akasema.

Nikamwambia hapana, ilikuwa thelathini sawa.

"Hesabu wewe mwenyewe, Baba Nekesa," akanisogezea ungo.

Nyekundu tatu, nyeupe moja. Nikazihesabu. Nikataja mipira tena, nikazihesabu tena. Nikaendelea mpaka wa sita, na kwenye huo wa sita wale wasichana walikuwa wameshashinda. Ile pointi ya dhahabu haikuwepo. Nilikuwa nimewachezesha gemu mbili na pointi moja baada ya mchezo kwisha, halafu nikamgusa mtoto wa watu kichwa nikamwambia ajikaze.

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Mipira yote niliikumbuka, hata vumbi lilitoka upande gani. Hesabu peke yake ndiyo ilikuwa imeniponyoka, na sikuwa nimehisi ikiponyoka. Hilo ndilo lililonitisha.

Sasa sikilizeni sehemu hii, kwa sababu ndiyo ninayoweza kuwaonya nayo. Kosa la Jumamosi lilikuwa la kichwa changu, na kichwa sikuomba kizeeke. Lakini ilipofika Jumapili nilikuwa najua. Jumatatu nilienda uwanjani, nikakuta majina ya Akinyi na Mueni yameandikwa kwenye ubao wa mbao ulio kando ya kontena la kuwekea raketi, nikarudi nyumbani. Jumanne nilisema niko na mafua. Jumatano nilifika mpaka langoni nikasikia sauti ya Hajji, nikapita kama mtu anayeelekea sokoni. Niliogopa waseme Marka amezeeka. Rispa hakunisukuma, aliniuliza mara moja tu kama nimewaambia, nami nikasema bado.

Alhamisi nilimwambia Hajji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akivuta shanga za tasbihi yake. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akasema Fatuma ameondoka jana alfajiri. Aliona ameshindwa, ya nini kukaa. Tulimpigia simu pale pale, tukamkuta tayari amevaa koti la kazi, zamu yake ya kwanza. Nikamweleza.

"Nilijua, adeer," akasema. "Usijisumbue sana."

Adeer ni baba mdogo, ndivyo alivyozoea kuniita. Nikamrudishia Hajji simu.

Jioni Hajji aliwaita wale watatu waliobaki. Akinyi alisema aliona, lakini wenye pointi hawakusema kitu, akadhani labda yeye ndiye amepoteza hesabu. Hakutaja ile siku niliyomsimamisha nje, na sote tuliikumbuka. Mueni alisema alimtazama Akinyi, akamwona kimya, akanyamaza. Fatuma, tulikuja kujua, alikuwa amemtazama Naserian. Watu wanne walikuwa na hesabu moja, na mimi peke yangu nyingine, na wakachukua yangu. Miaka yote niliyokaa pale nilikuwa nahangaika na watu kutokubaliana. Sikujua kwamba nitaangushwa siku watakayokubaliana.

Nikamuuliza Naserian kwa nini hakuniambia.

"Wewe ndio ulitufundisha tukikosana tukuje kwako," akasema, polepole, bila hasira. "Sasa tukikosana na wewe, tungeenda kwa nani?"

Nilitaka kufanya kama kwa mbuzi, turudi kwenye thelathini kwa kumi na tano, tuanze pale. Hajji akatikisa kichwa. Unaweza kurudisha kundi kama kundi lote bado lipo, na mmoja alikuwa ameshaenda Garissa. Akinyi naye akasema yeye hataki kwenda Nakuru kwa ushindi usio wake, Naserian achukue nafasi yake aende na Mueni. Nilifurahi, nikaona angalau kitu kimoja kimepona. Naserian akakataa.

"Mimi sikushinda na Mueni," akasema. "Nilishinda na Fatuma."

Kwa hiyo Akinyi na Mueni walikwenda kwa sababu majina yalikuwa yameshatumwa, wakafungwa mechi ya kwanza, wakarudi. Mimi nilichukua kitambaa na rangi, nikafuta ubao, nikaandika Naserian na Fatuma kwa mkono wangu. Herufi zimepinda, mmeziona. Kisha nikamkabidhi Hajji funguo za kontena. Aliniambia nisiende, kosa moja si kitu. Nilimjibu kwamba sijui kama ni moja. Hilo ndilo lililonichanganya na bado linanichanganya, kwamba huenda yalikuwa kumi, huenda yalikuwa hamsini, na kila mara watu waliinamisha kichwa wakaendelea kucheza. Yule aliyewahi kuniambia nilimsimamisha nje.

Kabla sijaondoka niliwaomba wachezaji jambo moja. Anayeanzisha aseme hesabu kwa sauti, na mpira usipigwe mpaka mtu wa upande wa pili amjibu. Si refa amjibu, ni mpinzani. Wengine wakaona ni kupoteza wakati. Wengine wakalichukua.

Sasa nirudi kwenye ile nusu saa ya juzi, maana sikuwaambia yote. Naserian alikuwa ndani, na mwenza mpya. Ng'ambo ya wavu alikuwa Akinyi. Naserian akashinda pointi, akachukua mpira, akasimama kulia. Nyinyi mlikuwa mnatazama taa, na taa zilikuwa zinasema thelathini kwa kumi na tano. Yeye akasema kwa sauti, arobaini kwa kumi na tano. Halafu akageuka akanitazama pale kwenye uzio, nadhani ni mazoea. Nilikuwa nimetazama ile pointi tangu mwanzo mpaka mwisho, na sikujua. Nikainua mabega ili aone kwamba sijui.

Akinyi, ambaye alikuwa anakaribia kushindwa, akatazama ubao, akamtazama Naserian, akasema, "Ni kweli, arobaini kwa kumi na tano. Hiyo kitu imekosea." Naserian akadundisha mpira mara mbili, akaanzisha.